Punje nane kwenye sinia

Jumapili iliyopita nilikuwa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa dada yangu. Alikuwa anachambua maharagwe, sinia limelala mapajani, vidole vinatupa vijiwe kwenye kifuniko cha sufuria, tik, tik. Mwanawe alikuwa kwenye kochi, kichwa kimenyolewa kipara. Amemaliza mafunzo ya kuruta Eldoret na amepewa siku chache za kuonana na watu wake kabla ya kuripoti kikosini. Zamani ulikuwa ukimkuta kitandani saa nne asubuhi. Siku hizi, anasema mamake, saa kumi na moja alfajiri blanketi limeshakunjwa na pembe zake zimelingana.

Alikuwa anatazama video kwenye simu. Wanaume watano wamezingirwa, wanapiga risasi pande zote wakiwa wamesimama wima, magazini haziishi, kisha wanatoka wote wazima. Akaiweka simu kando, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mamake asisikie, ingawa chumba ni kile kile kimoja:

"Mjomba, mkizingirwa kweli, mnatokaje?"

Nilikuwa askari wa miguu kwa miaka 19, nikaondoka na tepe mbili za ukoplo begani. Sasa nasimamia mabawabu wa usiku kwenye ghala moja Viwandani. Vijana wa mtaa huniuliza mambo ya jeshi kila mara, nami huwajibu kwa ufupi nikaendelea na chai yangu. Huyu sikuweza kumjibu kwa ufupi. Huyu anakwenda.

Nilimwomba dada sinia. Alinitazama, akamtazama mwanawe, nikajua amesikia. Akalisukuma mezani bila neno. Jikoni kulikuwa na githeri iliyobaki jana, nikatoa punje nane za mahindi, nikazisuuza, nikazipanga katikati ya sinia kwa mstari. Hiyo ndiyo doria yetu: watu wanane wanatembea kwenye kijia, mmoja nyuma ya mwingine. Maharagwe mekundu ya wairimu ndiyo adui. Ni mengi kuliko mahindi, na ndivyo inavyokuwa. Doria ndogo haitumwi kwenda kupigana. Inatumwa kwenda kuona na kurudi na habari. Ikigongana na kundi kubwa, ushindi wake ni kuondoka na ile habari na watu wake.

Nilimwambia jambo la kwanza ni kujua kama umezingirwa kweli. Risasi inayokupita karibu hutoa mlio mkali, pa!, kama mjeledi, kwa sababu inakwenda kasi kuliko sauti. Baada yake ndipo huja du! ya bunduki yenyewe. Ile pa haikuambii adui yuko wapi, inakuambia tu risasi imepita wapi. Sikio litafute du. Ikichelewa kwa sekunde moja hivi nyuma ya pa, mpigaji yuko karibu mita 600. Zikija kwa pamoja, yuko hapo hapo kichakani. Askari mgeni husikia pa kulia kwake, kisha risasi nyingine inagonga mti nyuma yake, naye anapiga kelele "tumezingirwa!" Mara nyingi ni adui mmoja, upande mmoja. Lakini neno hilo likishatoka mdomoni, kila mtu anaanza kumwona adui kila kichakani, na doria ambayo ingeondoka kwa dakika tano inakaa pale pale ikisubiri duara lifungwe.

Kwa sababu duara lazima lifungwe. Nilichukua maharagwe manne nikayaweka mbele ya mahindi, kisha mengine nikayasogeza polepole, moja moja, kupitia kushoto, kupitia kulia, mpaka yakakutana nyuma. "Umeona muda uliopita?" nikamuuliza. Watu wanatembea kwa miguu ili duara likamilike. Wanapita kwenye miiba, wanapanda kilima, wanapotezana, wanaogopa kupigwa na wenzao. Hayo yote ni muda wako. Doria nyingi zinazozingirwa zilikuwa na dakika kumi za kutozingirwa, wakazitumia kulala chini na kurushiana risasi na wale wanne wa mbele.

Dakika hizo ndizo za kumenya. Mkufunzi wetu alitwambia tuifikirie ndizi. Mtu wa kwanza kwenye mstari anapiga, anageuka, anakimbia katikati ya wenzake hadi nyuma kabisa. Akimpita wa pili, wa pili anaanza kupiga. Naye akimaliza anageuka, anakimbia. Ganda moja linabanduka, jingine linafuata, na doria nzima inarudi nyuma huku daima kuna bunduki inayomwinamisha adui kichwa. Inapendeza ukiiona uwanjani. Msituni inakwamishwa na kitu kimoja: kidole. Bunduki yetu wakati huo ilikuwa G3, magazini ya risasi 20. Ukiiachia ipige mfululizo, risasi 20 zimekwisha kwa sekunde mbili tu, na wewe bado hujageuka. Kijana akafungua mdomo kusema kitu, akaufunga. Nadhani alikuwa anahesabu zile risasi za kwenye video.

Basi tuseme mmechelewa. Maharagwe yamekutana nyuma. Nilizikusanya punje nane nikazipanga duara dogo, ncha nyembamba zote ndani. Ndivyo mnavyolala: miguu katikati, macho nje, kila mtu na kipande chake cha kulinda, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mguu unamgusa mwenzako. Kugusana huko ni redio. Usiku unaweza kuamsha, kuuliza na kujibu kwa kisigino bila sauti yoyote.

Hapa niliingiza kisa ambacho si cha vitabuni. Kuelekezana kwa saa ni desturi ya majeshi mengi: mbele ni kumi na mbili ya kwenye uso wa saa, kulia ni tatu, na kadhalika. Sasa lete hiyo kwetu. Uso wa saa unaonyesha 12, sisi tunasema saa sita. Unaonyesha 6, sisi tunasema saa kumi na mbili. Mara moja tukiwa mazoezini mtu alipiga kelele, "Adui saa kumi na mbili!" Nusu yetu tuligeukia mbele, nusu wakageukia nyuma, na kila nusu iliamini nyingine imechanganyikiwa. Maneno yale yale, lugha yetu wenyewe, maana mbili zinazopingana kabisa. Tangu siku hiyo nilikataza saa kwenye sekshen yangu. Tulisema mbele, nyuma, kulia mwa mgunga, chini ya lile jiwe jeupe. Nilimwambia mpwa wangu: ukifika kikosini, uliza siku ya kwanza kabisa wanaitaje mbele na wanaitaje nyuma. Usione haya kuuliza.

Mkishalala duara, kamanda hapigi bunduki tena. Kazi yake inabadilika kuwa ya mwenye duka anayefunga hesabu. Risasi ngapi kwa kila mtu? Aliyebaki na nyingi ampe aliyeishiwa. Maji? Nani ameumia, anavuja damu wapi, mkanda wa kufunga umefungwa ukakazwa? Redio inasikika? Anatambaa kutoka mgongo hadi mgongo na kunong'ona, na ule mkono wake begani kwako unakutuliza kuliko hotuba. Nimewahi kuwa upande wa kupokea mkono huo.

Kisha anachagua mahali pa kutobolea. Kijana alikuwa ameshaliona pengo kwenye sinia, kwa sababu nililiacha makusudi: upande mmoja maharagwe mengi, upande mwingine nafasi pana, tupu, kimya. Akaweka kidole papo hapo. "Hapa."

Nilimsimulia Mohi. Aprili mwaka 1241, huko Hungaria, Wamongolia waliizunguka kambi ya jeshi la Mfalme Béla wa Nne, wakaipiga kwa mishale na moto, ila upande mmoja wakaacha upenyo. Waliokuwa ndani waliuona, kama wewe ulivyoliona hili pengo. Walitoka kwa makundi, mbio, wengine wakitupa silaha ili wawe wepesi. Wamongolia hawakuwazuia. Waliwafuata kando kando ya njia, wakawaua wakiwa wamechoka na wametawanyika, mmoja mmoja. Watu waliozingirwa bila mlango hupigana mpaka mwisho. Wakionyeshwa mlango huanza kukimbia. Adui mwenye akili analijua hilo. Kwa hiyo upande uliokimya sana, wenye njia nzuri, unaoteremka kuelekea nyumbani, huo uuogope. Tafuta mahali ambapo adui yupo kweli, lakini ni mwembamba: pale anapopiga mtu mmoja au wawili tu, pale ambapo ardhi ni mbaya kiasi kwamba hakutaka kupeleka watu wengi. Korongo lenye miiba. Bwawa la matope. Mahali ambapo hata wewe hupataki.

Na saa ya kutoka. Kama unaweza kushikilia hadi giza, shikilia. Giza humsaidia mchache. Mwishoni mwa Agosti 2014, kwenye milima ya Golan upande wa Syria, waasi walivizingira vituo vya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Wanajeshi 45 wa Fiji walichukuliwa mateka, wakaja kuachiliwa Septemba 11. Wafilipino kwenye vituo viwili walikataa kuweka silaha chini. Kituo kimoja wenzao wa Ireland waliwafikia na magari ya deraya wakawatoa. Kingine kilikuwa na watu 40 peke yao. Walipigana mchana ule kwa saa saba hivi. Usiku milio ikatulia, na wao wakafanya jambo ambalo mtu aliyechoka hulisahau: waliendelea kumtazama adui. Wakaona kwamba wale wamelala. Wote 40 wakatoka kimya kimya, wakatembea gizani zaidi ya kilomita mbili hadi kwa wenzao. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Nalipenda sana tukio hilo, nimelisimulia kwa mabawabu wangu mara nyingi, kwa sababu katikati yake hakuna ujanja wowote mkubwa. Kuna watu ambao baada ya saa saba za vita bado walikuwa macho kuliko waliowazingira.

Usipopata giza, unatoboa mchana. Hapo nilizipanga upya punje zangu. Wawili mbele pamoja na bunduki ya rashasha, wawili pembeni, mmoja kila upande, katikati majeruhi na redio, wawili nyuma kabisa. Bomu la moshi linatupwa, lakini kwanza angalia majani yanainamia wapi, maana moshi unafuata upepo na unaweza kukufunika wewe ukamwacha adui anaona vizuri. Mabegi yanabaki. Maji hayabaki, risasi hazibaki, redio haibaki. Kisha bunduki zote zinazoweza kupiga zinapiga mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mnakwenda. Si kwa kutawanyika. Mnakwenda kama msumari.

Jambo ambalo kuruta halijui ni kwamba mkishafika ndani ya mstari wa adui, yeye ndiye mwenye shida. Walio upande wa pili wa duara wakipiga, wanapigana na watu wao. Watasita. Kusita kwao ni sekunde chache, na sekunde hizo ndizo mlizozitafuta. Kwa hiyo hamsimami pale kumalizana na yule wa kichakani. Mnapita. Mita mia chache mbele mnabadilisha mwelekeo, kwa sababu kila mtu anayewafuata anajua kambi yenu iko upande gani na atakimbilia huko. Halafu, wakati moyo wote unakwambia kimbia, mnalala chini na kusikiliza. Mnazunguka kidogo na kulala kando ya nyayo zenu wenyewe, bunduki zikitazama mlikotoka. Kama kuna anayewafuata, mtamwona kabla hajawaona.

Nikanyamaza, nikadhani nimemaliza sehemu ngumu.

"Na huyo majeruhi," dada akasema. Hakuwa ameinua macho. "Hao wanaombeba ni wangapi?"

Ndiyo hesabu yenyewe. Mtu mmoja asiyeweza kutembea anabebwa na wawili, na wawili hao lazima wapokezane na wengine wawili la sivyo baada ya nusu saa wameanguka wote. Kati ya punje nane, moja imeumia, nne zinabeba kwa zamu, zimebaki tatu zenye bunduki mkononi. Nilizitenga kwenye sinia ili aone. Tatu.

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia tunawabeba. Nilimwambia kwamba kila doria niliyotoka nayo ilijua hivyo na ndiyo maana watu walikubali kutoka. Lakini mtu akiuliza swali kama hilo anastahili pia upande wa pili. Huko Burma, ambako babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipelekwa mwaka 1944 na kupigana bondeni Kabaw kwenye mvua ya masika ya Asia, mwaka mmoja kabla yao Mwingereza mmoja, Brigedia Orde Wingate, aliingia nyuma ya Wajapani na watu wapatao 3,000. Mwishoni mwa Machi 1943 iliamuliwa warudi India, na Wajapani walikuwa tayari wanaifunga mito iliyokuwa kati yao na kwao. Vikosi vikavunjwa kuwa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kijitafutie njia. Walirudi 2,182. Ilikuwa mbinu sahihi. Wangekaa pamoja pengine wasingerudi hata nusu. Lakini wasioweza kutembea waliachwa, baadhi vijijini mikononi mwa wenyeji, baadhi kando ya njia. Waliowaacha walikuwa rafiki zao.

Dada alichukua ile punje moja niliyoitenga, akairudisha kwenye duara pamoja na zile saba. Hakusema kitu. Akaendelea kutupa vijiwe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo ningemwambia huyu kijana hata kama hakuniuliza, na ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika usiku huu ghalani.

Mwaka 1996 tulikuwa mazoezini kaskazini, nchi kavu, na nilikuwa nimepewa kuongoza doria ya watu wanane kwa mara ya kwanza. Kila mnaposimama, kamanda huonyesha mahali pa kukutania iwapo mtatawanyika. Si kitu kikubwa. Unanyoosha mkono: "Ule mgunga wenye shina mbili, mita mia tatu nyuma, tunasubiriana kwa saa moja." Kila mtu anautazama, anaitikia kwa kichwa. Ukitembea tena, ule wa nyuma unafutika, unatoa mwingine.

Alasiri tulisimama kando ya laga, yaani mto mkavu. Nilionyesha mgunga. Sita waliitikia. Wa saba na mimi tunakuwa wanane, sivyo? Wa saba alikuwa mlinzi wa nyuma, amebaki hatua arobaini hivi akifuta nyayo zetu kwa tawi kama nilivyomwamuru mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Nilijiambia wa sita atamwambia. Wa sita alijiambia nimeshamwambia mimi. Hatua arobaini. Sikuzitembea.

Saa moja jioni askari waliokuwa wakicheza nafasi ya adui walitufungia kwenye kile kilima baada ya laga. Tulilala duara, tukahesabu, tukachagua korongo lenye miiba, tukatoka gizani vizuri. Kwa kweli tulitoka vizuri. Tulivuka kwa kishindo, tukatawanyika, tukaenda mgungani mmoja mmoja na wawili wawili. Nilikuwa nimeegemea shina nikiwagusa mabega wanapofika. Watano. Sita. Nikajihesabu mwenyewe, saba. Tukasubiri saa moja. Tukasubiri ya pili. Ndipo yule wa sita akaniuliza kwa kunong'ona, "Afande, ulimwambia?"

Yalikuwa mazoezi. Risasi zilikuwa za bandia. Lakini jangwa halikuwa la bandia. Yule kijana alijua kwamba tumetawanyika na hakujua tunakutania wapi. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akatembea kuelekea alikodhani ni kambini, usiku, na chupa yenye maji ya kufunika kitako tu. Alipatikana kesho yake karibu saa tano asubuhi. Wafugaji walimkuta amekaa kivulini, midomo imepasuka, ulimi umevimba hawezi kutamka jina lake, wakamnywesha maziwa ya ngamia kwa kikombe kidogo kidogo, wakampandisha mnyama wakamleta. Nilipomwona nilitaka kumwomba msamaha mbele ya watu wote, nikamwomba. Adhabu niliyopewa nilistahili, na sikuwahi kumlalamikia aliyenipa.

Nimesoma mbinu nyingi tangu wakati huo. Robert Rogers, aliyeongoza askari wa doria katika misitu ya Marekani kwa ajili ya Waingereza, aliandika kanuni zake mwaka 1757, na mojawapo inasema kwamba ukiona mtazungukwa na adui mkubwa, watu watawanyike, kila mmoja kwa njia yake, wakutane mahali palipopangwa kwa jioni hiyo. Palipopangwa. Kutawanyika bila mahali hapo ni kupotea tu, hata mkikimbia kwa ustadi namna gani.

Mahali hapo pana umri, pia. Mtu wenu akikamatwa, mahali anapopajua pamekufa, na mnahama bila kungoja kujua kama amesema au hajasema. Sisi Nairobi tuna shule ya jambo hili karibu kabisa, tunalipa kiingilio kwenda kupunga upepo Karura na kupiga picha kwenye yale mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Baadhi ya viongozi wa msituni walikuwa wamejifunza vita kwa Waingereza wenyewe. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa KAR huko Burma kabla ya kuupanda Mlima Kenya. Januari 1955 jeshi lilimwaga maelfu ya askari kwenye msitu wa Aberdare, wakausukuma msitu kwa mistari, na walichovuna kilikuwa kidogo. Vikundi vidogo vilipenya katikati yao. Kilichovimaliza kilikuja baadaye, kwa sauti ya chini zaidi: wapiganaji waliokamatwa wakageuzwa, wakarudishwa msituni na nguo zile zile na nywele zile zile, wakaenda kusubiri mahali pa kukutania. Walipajua. Hakuna duara linalobana kama la mtu anayejua utakuja wapi. Kufikia Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, alikuwa amebaki karibu peke yake.

Kijana aliniuliza sasa afanye nini hasa, yeye ambaye hata kamanda si kamanda, ni mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari. Nikamwambia wewe ndiye yule wa saba wangu. Usisubiri kuambiwa. Kamanda akiondoka hata kwenda kuchungulia kichakani, na akikuacha hapo, usimwache aende kabla hajajibu mambo matano. Nilimfundisha kwa vidole, kama nilivyofundishwa, kuanzia kidole gumba: Unakwenda wapi? Unakwenda na nani? Utarudi saa ngapi? Usiporudi tufanye nini? Na tukishambuliwa ukiwa huko, wewe utafanya nini na sisi tufanye nini? Alirudia. Nikamrudishia nyuma, kuanzia kidole cha mwisho. Alirudia tena. Nikamwambia afande yeyote mzuri hatakasirika kuulizwa hivyo, na akikasirika, bora hasira yake.

Dada alichukua sinia lake. Aliokota punje nane za mahindi moja moja, akaziweka kwenye kiganja, akazitumbukiza kwenye sufuria pamoja na maharagwe. Tulizila saa mbili usiku na chapati.

Jumatano tulimsindikiza hadi kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus. Mvua ilikuwa imenyesha, tope limejaa mpaka kwenye ngazi za basi, makanga wanavutana mizigo. Begi lake lilikuwa moja tu na alikataa nilibebe. Mamake alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, na badala ya maneno ya kuaga niliyoyatarajia, akaanza na kidole gumba.

"Unakwenda wapi?"

Akamwambia.

"Unakwenda na nani?"

Akamtajia wenzake wawili waliokuwa wote kuruta, mmoja alikuwa ameshaketi dirishani anatupungia.

"Utarudi lini?"

"Desemba, mama, wakiniruhusu."

Alikuwa ameshika kidole cha nne. Alikishika kwa muda, kisha akakikunja ndani ya kiganja cha mwanawe pamoja na vile vingine.

"Hicho usiniambie," akasema.

Makanga akapiga ubavu wa basi mara mbili, kijana akapanda.